Wazazi wananiachia mfuko wa timu niende kongamano la makocha Marekani. Nizichukue hizo pesa?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Busia, upande wa Uganda. Jioni nafundisha mpira watoto wa mtaa wetu. Ninao kama 40, wavulana na wasichana, wengine chini ya miaka 10 na wengine chini ya miaka 13. Tulianza miaka sita iliyopita na mpira mmoja wa majani ya migomba uliofungwa kamba. Leo tuna mipira saba, ingawa inayoshika upepo ni minne. Nasaidiwa na dada mmoja aliyecheza mpira sekondari, na ndiye anayeshika wale wadogo.

Mzee, mimi sina karatasi yoyote ya ukocha. Ninachokijua nilikiokota kwa walimu wangu wa zamani, kwenye redio, na kwenye video za simu. Mwaka jana watoto wangu wawili hodari walihamishwa na wazazi wao, wakapelekwa akademi Kampala. Baba wa mmoja aliniambia usoni, "Kocha, wewe ni mtu mwema, lakini mtoto sasa anahitaji mtu aliyesoma." Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Ndipo nikasikia habari za lile kongamano kubwa la makocha wa soka linalofanyika Marekani kila Januari, la chama kiitwacho United Soccer Coaches. Nimetazama picha na video zake mpaka bando likaisha. Makocha wa watoto wamejaa ukumbini, wanaandika, wanauliza maswali. Nikajiambia, nikikaa pale siku tatu tu, nitarudi mtu mwingine. Kuna wakala mmoja Kampala anasema atanishughulikia barua ya mwaliko na viza kwa shilingi 2,800,000, nusu niitoe kabla ya mwisho wa mwezi. Anasema viza ni uhakika.

Hapo ndipo shida ilipo. Mfuko wa timu una 3,400,000. Wazazi wamechanga mwaka mzima, kina mama wa sokoni wakitoa elfu mbili, elfu tano. Zilikuwa za viatu, mipira, na safari ya mashindano ya watoto Jinja katika likizo ndefu. Mwenyekiti wa wazazi anasema nizichukue: "Kocha akifika Marekani, timu nzima imefika." Mweka hazina ananuna. Dada msaidizi hajasema lolote, ila siku hizi akimaliza mazoezi anaondoka moja kwa moja, hapiti tena kwetu kunywa chai kama zamani. Mama watoto amesema wazi: "Ukizila hizo pesa, sokoni utakwenda mwenyewe."

Nizichukue, Mzee? Nikienda, nitarudi na nini hasa? Na nikibaki, nitawazuiaje wazazi wasinihamishie watoto?

Kocha wa watoto, Busia

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kuna mstari ndani yake ulionikaa kifuani. Nitaufikia. Tuanze na pesa, maana hapo hapahitaji mzunguko.

Usizichukue. Hata mwenyekiti akubembeleze, hata mkutano mzima unyooshe mikono. Pesa zile zilichangwa kwa jina la viatu, mipira na safari ya Jinja. Mama aliyetoa elfu mbili siku ambayo biashara haikutoka alikuwa anaifikiria miguu ya mwanawe. Mbele ya mwenyekiti atanyoosha mkono, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana mchoyo, lakini akirudi kwenye meza yake ya nyanya atasema la moyoni. Mama watoto wako analijua hilo kwa sababu ndiye anayekutana nao. Mweka hazina anayenuna naye anafanya kazi yake. Mshukuru.

Pili, huyo wakala. Mwanangu, mkimbie. Hakuna mtu Kampala anayeuza viza ya Marekani, na anayekwambia "uhakika" ameshakudanganya kabla hujafungua mkoba. Mambo yenyewe yako hivi: unajaza fomu mwenyewe, unalipa ada ya dola 185 ambayo hairudi hata ukikataliwa, halafu unakwenda ubalozini Nsambya kuhojiwa wewe mwenyewe, uso kwa uso na afisa. Ulivyo mtu wa mpakani, wabadilishaji pesa watakwambia leo hiyo ni shilingi ngapi. Inapita laki sita. Sheria yao inamchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa mtu anayetaka kubaki hukohuko, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba ana kazi, ana familia, ana sababu ya kurudi. Barua ya mwaliko inaeleza unakokwenda tu. Na wakala akikupachikia karatasi ya uongo, salio la benki lisilo lako au cheo usichonacho, mlango ule unaweza kufungwa kwako maisha yako yote. Atakayekuwa amesaini ni wewe, si yeye.

Baada ya hayo sitaki udhani nalidharau kongamano. Ni jambo kubwa na la heshima. Chama kile kilianzishwa 1941, na kila Januari makocha kwa maelfu hukusanyika katika mji tofauti: 2023 ilikuwa Philadelphia, 2024 Anaheim kule California, 2025 Chicago. Kwa kuwa Januari sehemu nyingi za kwao ni baridi kali, nyasi bandia hutandikwa ndani ya ukumbi, watoto wa timu za pale mjini huletwa wacheze, na mkufunzi mwenye kipaza sauti anafundisha huku makocha wamekaa pembeni na madaftari. Chumba cha pili kuna somo la jinsi ya kuzungumza na wazazi, cha tatu kuna la makipa. Kuna na ukumbi wa wauzaji, umejaa magoli ya kukunja, vizibao, na programu za kuchambua mechi. Mtu anayependa kazi hii akiingia mle roho yake inafunguka. Nakuelewa kwa nini bando liliisha.

Sasa swali lako: utarudi na nini? Hapo nina jambo la kukusimulia.

Miaka mingi iliyopita nilipata nafasi ya semina ya makocha Kampala, siku tatu. Nilikuwa kama wewe, sina karatasi, nina kiu. Niliandika kila kitu. Nilirudi na daftari lenye michoro ya koni, mishale, herufi A hadi F, mistari ya nukta kwa mkimbiaji na mistari mizito kwa pasi. Jumatatu nikakopa koni 18, nikazipanga kama daftari lilivyosema. Nilikuwa na watoto 26 na mipira mitatu. Wakasimama mistari mitatu, kila mmoja anangoja zamu yake. Mimi nakimbia huku na huko napaza sauti, "Fungua mwili! Pasi ya pili!" Kufika dakika ya ishirini nikamwona mdogo kuliko wote, amechuchumaa mwisho wa mstari, anang'oa nyasi moja moja na kuzipanga juu ya kiatu chake, moja ndefu, moja fupi, moja ndefu, moja fupi. Mwenzake akanivuta shati. "Kocha, leo hatuchezi?"

Jioni nilikaa kuhesabu. Mtoto yule hakuwa amegusa mpira mara tano. Nilikuwa nimemnyang'anya mchezo wake kwa jina la elimu, naye akajitafutia mwingine chini kwenye nyasi.

Mkufunzi wa Kampala hakunipotosha. Watoto aliotuonyeshea walikuwa 12, kila mmoja na mpira wake, na zoezi walishalizoea. Mimi nilinakili koni. Nilichopaswa kukitazama ni yeye mwenyewe: alisimamisha mchezo wakati gani, alimwambia nini mtoto aliyekosea, alinyamaza kwa muda gani akawaacha wahangaike, alifanya nini zoezi lilipovunjika. Hayo yangefanya kazi kwa watoto 26 na mipira mitatu. Koni hazikufanya.

Kwa hiyo mkutano wowote wa makocha utakaohudhuria maishani, uwe wa Chicago au wa chini ya mwembe, nenda na swali moja lililotoka kwenye uwanja wako. Lako naliona tayari ndani ya barua: watoto 40, mipira minne, nifanyeje asiwepo anayesimama? Ukienda na hilo, kila somo utalipima kwalo, na mengi mazuri utayaacha palepale ukumbini bila uchungu.

Na sehemu ya jibu ninayo, sikunyimi. Gawanya uwanja vipande vinne, kila kipande mpira mmoja na watoto kumi, wanne kwa wanne wanacheza na wawili wanangoja nje. Goli likiingia, wawili wanatoka, wawili wanaingia. Hakuna mstari. Wamarekani wenyewe wamelifanya hili kuwa utaratibu: watoto wa chini ya miaka 8 wanacheza wanne kwa wanne, chini ya 10 saba kwa saba, chini ya 12 tisa kwa tisa. Sisi bado tunamtupa mtoto wa miaka tisa kwenye uwanja wa watu wazima, 11 kwa 11, winga wa kushoto amalize kipindi bila kuuona mpira, halafu tunamwambia mama yake hajitumi. Kuna na hili la vichwa. Mwaka 2015 shirikisho la soka la Marekani lilitangaza kwamba watoto wa miaka 10 kushuka chini wasipige mpira kwa kichwa kabisa, na wa miaka 11 hadi 13 wapunguziwe mazoezini. Mwaka 2020 Uingereza nako wakaondoa vichwa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Sababu ni ubongo unaokua. Kama una zoezi la kurusha mipira juu wakigombea vichwa, wale wa chini ya 10 waondolee leo jioni. Hayo yote ni mambo ya makongamano, na umeyapata bila kuvuka mpaka.

Nije kwenye mstari ulionikaa kifuani. "Mtoto sasa anahitaji mtu aliyesoma." Najua lilivyokuuma. Mtu umemlea mtoto wake uwanjani kwa mikono yako, halafu unaambiwa hivyo. Lakini mzee yule, mbali na ukali wa kauli, hakukosea kila kitu. Wazazi wanaona mambo yanavyokwenda. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 17 walicheza Kombe la Dunia kule Qatar, mara ya kwanza kwa Uganda. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi na Kenya na Tanzania. Mzazi aliyekuwa anaona mpira ni wa kupotezea jioni sasa anaona ni njia, na mtu akiona njia huuliza anayeongoza amesomea wapi. Ni swali la haki.

Karatasi anayoiuliza lakini haitoki kwenye kongamano. Ungekwenda Marekani siku tatu ungerudi na beji ya shingoni na picha, na baba yule angekuuliza tena swali lilelile. Leseni inatoka kwetu. FUFA, shirikisho letu la mpira Uganda, huendesha kozi za leseni za CAF, shirikisho la Afrika, na ngazi ya chini ni D, kisha C, B, na kuendelea juu. Kocha wa watoto anaanzia D. Huhitaji viza, unahitaji kujua kozi inayofuata itafanyika lini na karibu na wapi. Waulize viongozi wa mpira wa wilaya yenu na wa kanda ya Mashariki. Wakikuzungusha, panda gari mpaka Mengo, Kampala, ofisi za FUFA ziko hapo, ukaulize mwenyewe. Andika jina la uliyezungumza naye na tarehe aliyokupa.

Na hapa nitakuudhi. Nafasi ikipatikana moja tu, mpeleke dada.

Najua ni wewe uliyeanzisha timu. Lakini yeye ndiye anayeshika wadogo, na mpira wa mtoto hujengeka au huharibika kabla ya miaka kumi. Halafu itazame barua yako mwenyewe: umempa sentensi mbili, na katika zote hakuna mahali ulipomuuliza anaonaje. Amekaa miaka yote kwenye jua lilelile na wewe, naye hana karatasi kama wewe, na alipoona mfuko wa timu unataka kwenda kwa mtu mmoja hakupiga kelele, aliacha tu chai. Ada za kozi zikijulikana, kaeni mzigawane, na mkitaka kuomba msaada wa wazazi, ombeni kwa daftari jipya lenye jina lake wazi, "Kozi ya makocha," anayetaka kuchangia achangie. Msichanganye na pesa za viatu.

Kuhusu Januari, sijui kama uliliona hili: kongamano lile linaangukia katikati ya likizo yetu ndefu, ile ya Desemba mpaka Februari shule zinapofunguliwa. Hizo ndizo wiki nyingi zaidi za mfululizo katika mwaka ambazo watoto wako wako huru mchana kutwa. Ungeziacha ukakaa ukumbini kutazama watoto wa wengine wakifundishwa.

Nendeni Jinja. Kwenye mashindano yale watakuwepo makocha wa watoto wengi, wengine na leseni, wengine hawana, wote wamekaa kivulini wakingoja mechi zao. Fika asubuhi. Tazama wanavyopasha watoto moto. Yule ambaye watoto wake wanacheka huku wanakimbia, msogelee, mnunulie soda, muulize lile swali la mipira minne. Nimejifunza mengi zaidi kwenye mabenchi ya namna hiyo kuliko kwenye lile daftari langu.

Mkirudi, fanya kitu ambacho mji wenu unakupa na sisi wengine hatuna. Ng'ambo ya kituo cha mpaka kuna makocha wa watoto wa Busia ya Kenya, umbali wa kutembea kwa miguu, wanazungumza Kiswahili kama wewe na wana shida ya mipira kama wewe. Waalike Jumapili moja. Kila kocha afundishe watoto wako dakika 20, wengine wakae pembeni wakitazama na kuandika, halafu mseme ukweli mlichokiona. Mwezi unaofuata mwende kwao ninyi makocha. Mambo yanayofanyika chini ya taa kule Marekani ndiyo hayohayo, wao wameyawekea zulia tu.

Siku ikitokea mtu au taasisi inakulipia yote, nauli, ada na malazi, kwa barua unayoweza kuithibitisha wewe mwenyewe kwa waandaaji, na una D yako mkononi, nenda. Sitakuzuia, nitafurahi. Siku hiyo hata afisa wa viza utakuwa na la kumwambia: ni mwalimu, ana mke na watoto, ana leseni, ana timu inayomngoja Februari.

Wale wawili waliohamia Kampala waache waende na baraka zako. Mpigie simu yule baba, umuulize mtoto anaendeleaje, basi, usiongeze neno. Likizo mtoto akirudi Busia atataka pa kuchezea, na uwanja anaoujua ni wako. Waliobaki, waonyeshe wazazi unachofanya. Shika daftari la mahudhurio, na kila mwisho wa muhula mwandikie kila mzazi mistari miwili kuhusu mwanawe: amejifunza nini, bado anahangaika na nini. Wewe ni mwalimu, kazi hiyo unaijua kuliko makocha wengi wenye leseni.

Itisheni mkutano wa wazazi Jumamosi. Mweka hazina asome daftari la michango mstari kwa mstari, jina na kiasi, hata zile elfu mbili. Kisha usimame useme mwenyewe kwamba ulishawishika, umefikiri, na pesa zinabaki za watoto. Mwenyekiti atapinga kidogo. Usibishane naye, alikuwa anakutakia mema.

Lakini kabla ya Jumamosi, mpitie dada. Usibebe maneno mengi. Muulize lile swali, watoto 40 na mipira minne, halafu unyamaze umsikilize mpaka amalize. Na mama watoto aweke chai ya kutosha watu watatu.